Alama za Kutuma na Alama za Kubaki Nazo: Mwongozo kwa Waombaji wa Vyuo vya Marekani Walioko Mwanza

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi siku za mwanzo za Januari, wapo wanafunzi wa Kanda ya Ziwa wanaojaza fomu za kuomba vyuo vya Marekani, na wengi wao husitasita mahali pamoja: pale fomu inapowauliza kama wangependa kuwasilisha alama za SAT au ACT, mitihani miwili ambayo vyuo vya Marekani hutumia kupima waombaji. Swali hilo huwashangaza kwa sababu mfumo wetu haujawazoeza kuulizwa. Matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita hutangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), mwenye simu huyafungua kwa kutafuta shule na namba ya mtahiniwa, na vyuo vya hapa nchini huyachukua kama yalivyo. Hakuna anayekuuliza ungependa yapi yaonekane.

Kwa kukosa mazoea hayo, wapo wanaotuma kila kitu hata pale chuo kisipohitaji, wakidhani kwamba kubaki na alama ni udanganyifu, na wapo wanaoficha alama nzuri kwa sababu wamesoma mtandaoni kwamba waliokubaliwa walipata zaidi. Kosa hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa huwapata hasa wale ambao alama zao zingewasaidia: kijana wa shule ya serikali aliyejisomea mwenyewe, ambaye hajawahi kukutana na mtu mwingine aliyefanya SAT, na ambaye hana wa kumweleza kwamba 1380 yake haisomwi sawa na 1380 ya mtoto wa shule ya kulipia huko Boston. Nimeandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mzazi au mwalimu anayekaa naye kujaza fomu hizo. Ninazungumzia vyuo vyenye ushindani mkubwa, yaani vile vinavyokubali sehemu ndogo tu ya waombaji, ambavyo baadhi yake ndivyo pia vyenye uwezo wa kumlipia mwanafunzi wa kigeni gharama zote.

Anza na sharti la chuo, kisha rudi kwenye alama zako

Chukua daftari, andika majina ya vyuo unavyotaka kuomba, na mbele ya kila kimoja andika sharti lake la mitihani kwa mwaka utakaojiunga. Fanya hivyo kabla ya kujiuliza kama alama zako zinatosha. Sharti lisomwe kwenye ukurasa wa ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, kwa sababu masharti haya yamebadilika mno tangu janga la korona la 2020, na video au andiko la miaka miwili iliyopita linaweza kukupotosha kabisa.

Kwa wanaoomba kujiunga 2026, hali ni hii. MIT ilirudisha sharti la SAT au ACT mwaka 2022, na baada yake Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech zikafanya hivyo mwaka 2024. Stanford, Cornell na Chuo Kikuu cha Pennsylvania nazo zimerudi kwenye sharti hilo. Yale inataka alama, lakini inamruhusu mwombaji achague kati ya SAT, ACT, AP (mitihani ya masomo ya kiwango cha chuo) na IB (mitihani ya diploma ya kimataifa ya sekondari). Columbia imeufanya mtihani kuwa wa hiari bila kuweka mwaka wa mwisho, na Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, kimekuwa na hiari hiyo tangu 1969. Princeton bado ni hiari, ila imekwisha kutangaza kwamba sharti litarudi kuanzia msimu wa maombi wa 2027/28, jambo ambalo aliye Kidato cha Tano sasa anapaswa kulijua mapema. Vyuo Vikuu vya California, kuanzia Berkeley hadi Los Angeles, haviangalii SAT wala ACT hata ukituma, kwa hiyo usipoteze hata senti moja kuvipelekea.

Ukishamaliza safu hiyo ya daftari, utaona kwamba sehemu kubwa ya wasiwasi wako imekwisha. Pale ambapo mtihani ni sharti, huna cha kuamua kuhusu kutuma au kutotuma. Unaamua tu ni alama za siku ipi zitumwe, au kama chuo hicho kiondoke kwenye orodha yako. Pale ambapo hawauangalii, pia huna cha kuamua. Uamuzi wa kweli uko kwenye vyuo vya hiari peke yake, na huko ndiko tutakakokaa muda mrefu.

Lipo jambo moja ambalo waombaji wa visiwani na vijijini hawapaswi kulipita haraka. Dartmouth inamruhusu mwombaji kutoka shule iliyo nje ya Marekani kutimiza sharti kwa matokeo, au makadirio ya matokeo, ya mtihani wa taifa ulio sawa na A-Level. Harvard nayo, katika hali za pekee ambapo mwombaji hawezi kuufikia mtihani wa SAT au ACT, inapokea mitihani mingine, ikiwamo ya taifa ya kumaliza sekondari. Mwanafunzi wa Ukerewe ambaye kituo cha karibu cha mtihani kiko mamia ya kilomita mbali na ambaye familia yake haina nauli ana haki ya kueleza hali hiyo kwa sentensi chache zilizo wazi, bila kulalamika na bila kutia chumvi. Kwa upande mwingine, kwa Yale mtihani wa NECTA haumo katika ile minne inayokubaliwa, kwa hiyo usidhani kwamba ruhusa ya chuo kimoja inahamia kingine.

Alama za siku ipi?

SAT ina sehemu mbili, Kusoma na Kuandika kwa upande mmoja na Hisabati kwa upande wa pili, kila moja ikipimwa kuanzia 200 hadi 800, hivyo jumla ya juu kabisa ni 1600. Kwa watahiniwa wa nje ya Marekani imekuwa ikifanywa kwa kompyuta tangu 2023. Ukisikia mtu anakuambia utume pia insha ya SAT au mitihani ya masomo mojamoja, jua kwamba maelezo yake ni ya zamani, kwani vyote viwili vilisitishwa 2021.

College Board, wenye mtihani huo, wana utaratibu uitwao Score Choice unaokuwezesha kuchagua alama za siku ipi zitumwe. Unachochagua ni siku nzima: huwezi kutuma Hisabati ya Agosti na kuacha Kusoma na Kuandika ya siku hiyohiyo. Vyuo vingi, hata hivyo, vikipokea alama za siku mbili au tatu huchukua sehemu iliyo juu kutoka kila siku na kuziunganisha vyenyewe.

Tuchukue mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) anayetaka uhandisi. Agosti alipata 560 ya Kusoma na Kuandika na 740 ya Hisabati, jumla 1300. Oktoba akapata 610 na 720, jumla 1330. Kwa chuo kinachounganisha, kama MIT, anapaswa kuwasilisha siku zote mbili, maana hapo atasomwa kuwa na 610 na 740, yaani 1350. Kwa chuo kinachotazama siku moja iliyo bora, atume ya Oktoba peke yake. Na kwa chuo kinachodai alama zote za kila mara aliyofanya, kama Georgetown ilivyofanya kwa miaka mingi, atatuma zote kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Mwanafunzi huyu hana haja ya kuionea aibu 720 iliyoshuka kutoka 740. College Board wenyewe hueleza kwamba alama ya mtu inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 30 hadi 40 katika sehemu moja bila uwezo wake kubadilika, na maofisa wa udahili wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kuhusu ACT nitasema machache. Inapimwa kuanzia 1 hadi 36, vyuo havipendelei mmoja kuliko mwingine, na lipo jedwali rasmi la kulinganisha mitihani hiyo miwili, ambalo kwa mfano linaweka 30 ya ACT karibu na 1370 ya SAT. Kama umefanya yote miwili, tazama jedwali hilo, tuma ulio juu, na ule mwingine uuache.

Kabla ya kujiandikisha kurudia mtihani, weka kalenda ya SAT kando ya kalenda yetu. Mtihani wa Mei huangukia katika mwezi uleule wa mtihani wa Kidato cha Sita, na sijaona faida ya kuugawa moyo wakati huo. Anayesubiri kuomba baada ya kumaliza Kidato cha Sita akumbuke pia kwamba wito wa JKT kwa mujibu wa sheria unaweza kumkuta kambini katika miezi ambayo alipanga kujisomea. Kwa wengi wa hapa, wakati unaofaa ni likizo ya Kidato cha Tano kuingia cha Sita kwa maandalizi, kisha Agosti au Oktoba kwa mtihani.

Pale mtihani unapokuwa hiari

Hapa ndipo watu wanapotafuta namba moja ya kuwakata shauri, na ninaelewa kwa nini. Lakini namba peke yake haitoshi, kwa sababu ofisa wa udahili hasomi alama zako zikiwa zimesimama pekee. Anazisoma kando ya matokeo ya shule, insha, barua za walimu, na maelezo ya shule uliyosoma. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: alama hizi zinamwambia nini msomaji ambacho nyaraka zangu nyingine hazimwambii?

Fikiria ofisa aliyeko New Hampshire mwenye faili la binti kutoka shule ya kata ya Ilemela. Cheti kinasema Divisheni I, walimu wanasema ni hodari, lakini hajawahi kupokea mwombaji mwingine kutoka shule hiyo, hajui mtihani wetu ni mgumu kiasi gani, na hawezi kupima sifa ambazo mwalimu mmoja anaziandika kwa uangalifu na mwingine anaziandika kwa haraka. Alama ya Hisabati ya 730 ni kitu ambacho amekwisha kukiona mara maelfu. Inamhakikishia kwamba binti huyu ataweza kukaa darasa moja na wenzake mwaka wa kwanza. MIT ilipoeleza mwaka 2022 kwa nini inarudisha sharti, ilitoa hoja inayofanana na hiyo: kwamba alama, hasa za hisabati, zinaisaidia kuwatambua wanafunzi walio tayari ambao shule zao hazikuwa na masomo ya juu ya kuwaonyesha. Kwa hiyo kadiri shule yako inavyofahamika kidogo huko nje, ndivyo alama nzuri inavyokuwa na kazi kubwa zaidi ya kufanya kwa niaba yako.

Swali la pili ni alama zako zinasimama wapi. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set, na katika sehemu yake ya C9 utakuta alama mbili muhimu: ile ambayo robo ya waliojiunga walikuwa chini yake, na ile ambayo robo walikuwa juu yake. Kati ya hizo mbili ndipo ilipo nusu ya katikati ya wanafunzi. Kwa vyuo kama Harvard na MIT ukingo wa chini uko juu kidogo ya 1500, namba inayomvunja moyo kijana mwenye 1400 na kumfanya afunge ukurasa.

Asiufunge. Kwanza, robo nzima ya waliojiunga walikuwa chini ya ukingo huo, na hao nao ni wanafunzi wa chuo hicho. Pili, pale ambapo mtihani ni hiari, namba zinazochapishwa ni za waliotuma tu. Wenye alama za chini walibaki nazo, kwa hiyo ukingo unaonekana uko juu kuliko uwezo halisi wa darasa zima. Tatu, alama husomwa kwa kulinganishwa na mazingira. Dartmouth ilipotangaza Februari 2024 kwamba inarudisha sharti, ilitegemea uchunguzi wa maprofesa wake wenyewe, ambao waligundua kwamba waombaji kutoka mazingira duni walikuwa wakificha alama za kiwango cha 1400 ambazo zingewaongezea nafasi ya kukubaliwa, kwa sababu zilikuwa juu sana ukilinganisha na shule walizotoka. Naomba mwalimu anayesoma hapa aikumbuke habari hiyo kila mwanafunzi wake anapomwambia kwamba alama zake ni za aibu.

Swali la tatu ni unataka kusoma nini. Yule kijana wa PCM mwenye 610 na 740 anaomba uhandisi. Alama yake yenye nguvu iko mahali panapohitajika, na udhaifu wake wa Kiingereza unaweza kuelezwa na ukweli kwamba alifundishwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Mimi ningemshauri atume karibu kila chuo cha hiari alichoorodhesha, isipokuwa kile ambacho 1350 iko mbali sana chini ya ukingo na ambacho hakitaji popote kwamba kinaangalia mazingira. Mwenzake wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mwenye 650 ya Kusoma na Kuandika na 520 ya Hisabati, anayetaka historia, yuko katika hali tofauti. Hawezi kutuma nusu. Jumla yake ya 1170 itasomwa nzima, na 520 haitamsaidia popote katika vyuo vya aina hii. Kwake ningependekeza abaki na alama hizo, aziache A zake za Historia na Kiingereza, insha zake na barua ya mwalimu wake zimsemee, kisha aongeze mtihani mzuri wa lugha, ambao tutaufikia.

Ukitaka kanuni ya kuanzia, yangu ni hii, nayo ni maoni ya mtu anayekaa na wanafunzi wa hapa. Alama iliyo ndani ya nusu ya katikati au juu yake, tuma bila kusita. Iliyo chini ya ukingo kwa pointi zisizozidi 100 hivi, kama unatoka shule ambayo SAT haifahamiki na sehemu moja inalingana na fani unayoomba, tuma. Iliyo chini zaidi ya hapo, baki nayo, isipokuwa chuo kinasema waziwazi kwamba alama haiwezi kukudhuru, kama Chuo Kikuu cha Chicago kinavyoahidi kuzizingatia tu pale zinapomsaidia mwombaji. Na usiamue mara moja kwa vyuo vyote: alama ileile inaweza kutumwa Bowdoin na kubaki nyumbani kwa chuo kingine.

Kubaki na alama pale unaporuhusiwa hakukufanyi kuwa mwongo. Kuandika alama ambayo hukuipata ndiko kunakokufanya mwongo, na kutakugharimu nafasi yako hata baada ya kukubaliwa, kwa kuwa alama huhakikiwa.

Matokeo ya NECTA hayana hiari, lakini yana maelezo

Hiari ya SAT haigusi matokeo ya taifa. Hayo ni sehemu ya rekodi yako ya shule, na Common Application, fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, ina mahali maalumu panapowauliza waombaji wa nje kuhusu mitihani ya kumaliza sekondari ya chini na ya juu. Jibu kwamba ipo, na uyaandike matokeo ya Kidato cha Nne yote, pamoja na lile somo ulilopata D.

Unachoweza kufanya, na ambacho wengi hawakifanyi, ni kuhakikisha yanaeleweka. Msomaji wa Marekani amezoea kwamba namba kubwa ni nzuri. Kwetu Kidato cha Nne pointi 7 ndiyo ya juu kabisa na Divisheni I inafika hadi pointi 17, na Kidato cha Sita Divisheni I ni pointi 3 hadi 9. Mtu asiyeelezwa anaweza kuisoma “one ya saba” kama jambo la kawaida tu. Hali kadhalika, A ya Kidato cha Nne huanzia 75 na B huanzia 65, wakati katika shule nyingi za Marekani 75 ni C. Na kwa Kidato cha Sita A huanzia 80. Mwombe mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma aandae ukurasa mmoja wa maelezo ya shule wenye viwango hivyo, idadi ya wanafunzi wa darasa lako, na wangapi walipata Divisheni I mwaka wako. Shule kongwe kama Nsumba na Bwiru zinaweza kuandaa karatasi hiyo mara moja na kuitumia miaka yote. Ikiwa darasa lako lilikuwa na wanafunzi 140 na waliopata Divisheni I ni sita tu, ukweli huo una uzito kuliko sifa zozote ambazo mwalimu anaweza kuziandika.

Aliye Kidato cha Sita atakuwa anaomba kabla ya mtihani wake wa mwisho, kwa hiyo atahitaji makadirio ya walimu, yanayotokana na mitihani ya shule na mock. Yakiwa juu, yatumwe. Kama Kidato cha Nne hukufanya vizuri lakini sasa umeimarika sana, mara nyingi ni busara kusubiri matokeo ya Kidato cha Sita yatoke, kwa kawaida Julai, na kuomba msimu unaofuata ukiwa na matokeo kamili mkononi. Mwaka mmoja si mrefu kwa jambo la namna hii.

Wanafunzi wa shule za kimataifa za hapa Mwanza wanaofanya mitihani ya Cambridge wafuate mantiki hiyohiyo: matokeo ya IGCSE yaandikwe, na makadirio ya A-Level yatumwe na shule.

Mtihani wa Kiingereza

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza basi hawahitaji TOEFL, IELTS wala Duolingo. Kwa baadhi ya vyuo ni kweli. Vinatoa msamaha kwa aliyesoma sekondari yote kwa Kiingereza, na barua ya mkuu wa shule inatosha. Hata hivyo, msamaha maana yake ni kwamba hulazimiki, na haina maana kwamba huruhusiwi. Mwenye alama ya chini ya Kusoma na Kuandika katika SAT, au aliyeamua kubaki na SAT yake, ana sababu nzuri ya kufanya mtihani wa lugha hata kama amesamehewa, kwa kuwa humo ndani yumo yeye mwenyewe akizungumza na kuandika.

Kwa hali yetu, mtihani wa Duolingo una faida kubwa: unafanywa nyumbani kwa kompyuta yenye kamera, ada yake ni ndogo kuliko ya TOEFL au IELTS, na ukishalipa unaweza kutuma matokeo kwa vyuo vingi unavyotaka bila malipo ya ziada. Hupimwa kuanzia 10 hadi 160, na vyuo vingi vyenye ushindani hutaja kiwango cha chini kati ya 115 na 130. Ukipata chini ya kiwango cha chuo, usitume. Rudia baada ya kujiandaa. Hakikisha tu umeme na intaneti ni vya uhakika siku hiyo, hata kama ni kuomba chumba katika ofisi ya mtu yenye jenereta. Matokeo ya mitihani hii yote mitatu hudumu miaka miwili, kwa hiyo aliyefanya Kidato cha Tano mapema na kuomba baada ya Kidato cha Sita ahesabu tarehe.

Fedha

SAT kwa mtahiniwa wa nje hugharimu zaidi ya dola 100, na msamaha wa ada wa College Board haukuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa kimataifa. Ongeza nauli na malazi kwa anayelazimika kutoka Mwanza kwenda kwenye kituo cha mkoa mwingine. Baada ya hapo, kila ripoti rasmi inayotumwa chuoni hulipiwa takriban dola 15. Vyuo vinane ni dola 120, sawa na kulipia mtihani mwingine mzima, na nimeona familia zikilipa fedha hizo bila kuhitajika.

Zisilipwe mpaka umesoma kila ukurasa wa udahili na kuona kama chuo kinakubali mwombaji ajiandikie alama mwenyewe kwenye fomu. Vyuo vingi vyenye ushindani, zikiwamo MIT, Yale na Dartmouth, vinakubali hivyo, na ripoti rasmi huitaka tu kwa mwanafunzi aliyekubaliwa na kuamua kujiunga. Kwa mwombaji wa aina hiyo, gharama ya kutuma ni sifuri wakati wa maombi.

Zipo pia ripoti nne za bure ambazo College Board hutoa kwa kila usajili, kwa sharti kwamba uzichague kabla ya siku tisa baada ya mtihani kupita, yaani kabla hujaona ulichopata. Zitumie kwa vyuo vinavyodai ripoti rasmi tangu mwanzo na ambavyo huunganisha sehemu zilizo bora, maana huko siku mbaya haikuangushi. Kwa chuo cha hiari usizitumie, kwa kuwa utakuwa umeitoa haki yako ya kuchagua kabla ya kujua unachokichagua.

Majina na saa

Jina lililo kwenye pasipoti, kwenye cheti cha Kidato cha Nne na kwenye akaunti ya SAT liwe moja, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo kama ya Mathayo na Matayo, au jina la babu lililopo huku na kukosekana kule, imewahi kufanya alama zisiunganishwe na faili la mwombaji. Kama tofauti ipo, shughulikia kiapo mapema, na ukiambatishe pale panapohitajika.

Maombi ya awali kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Common Application huhesabu saa ya mwisho kwa majira ya mahali ulipo, kwa hiyo usiku wa manane wa Mwanza ndio mwisho wako hata kama Boston bado ni jioni. Tuma siku tatu kabla.

Ukifanya SAT ya Desemba na alama zikatoka baada ya kutuma maombi, ingia kwenye akaunti ya mwombaji ya kila chuo na uzijaze pale wanaporuhusu, kwa kufuata uamuzi uleule ulioufanya kwenye daftari. Utakapokubaliwa na kuchagua chuo, lipia ripoti rasmi moja kwa chuo hicho, ukijumuisha kila siku ya mtihani ambayo uliandika alama zake kwenye fomu, na ulitunze nenosiri la akaunti yako ya College Board mpaka chuo kithibitishe kwa barua pepe kwamba kimeipokea.